Mwajiri Mmoja, Vyama Vitatu: Wafanyakazi Waliovuka Mpaka wa Kenya na Uganda, 1931–1970

Bibi yangu, ambaye nyumbani tunamwita Jaja, ana mkebe wa biskuti anaouweka juu ya kabati la nguo. Ndani yake kuna vyeti vya ubatizo, picha tatu, na fungu la stakabadhi ndogo zilizofungwa kwa uzi. Stakabadhi hizo si zake. Ni za jirani aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yake kule Kisugu, Mluo wa upande wa Kisumu, aliyekuwa akibeba mizigo katika kiwanda kimoja hapa Kampala. Kila stakabadhi ni ya mchango wa mwezi kwa chama cha wafanyakazi. Ya mwisho ni ya Septemba 1970.

Tulipopewa kazi ya kuandika kuhusu vyama vya wafanyakazi na haki katika Afrika Mashariki, nilikusudia kuandika juu ya Tom Mboya. Habari zake hupatikana kwa urahisi na hakuna mwalimu atakayelalamika. Nilipomweleza Jaja, alinyanyuka, akauteremsha mkebe, akaniwekea stakabadhi mapajani. “Na huyu je?” akaniuliza.

Kwa hiyo nimebadili mada. Swali ninalolijadili ni hili: mtu aliyelipa mchango wake kila mwezi, katika jiji lililokuwa na vyama, mashirikisho, hata chuo cha kimataifa cha viongozi wa wafanyakazi, alikosaje wa kumsemea siku alipoambiwa aondoke nchini? Jibu langu ni kwamba kazi yenyewe ilivuka mipaka tangu mwanzo, lakini vyama vililazimishwa kuishi ndani ya mipaka hiyo, na baadaye viongozi wake wakazoea kuishi humo.

Tuanze na reli, kwa sababu reli ndiyo iliyoleta watu. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kampala iliipata treni baadaye sana, mwaka 1931. Pamoja na mabehewa walikuja mafundi, makarani, wapiga mihuri, watengenezaji wa njia na wabeba mizigo, wengi wao Waluo na Waluhya kutoka magharibi mwa Kenya. Nyumba za wafanyakazi wa reli zilijengwa Nsambya, na hadi leo ukipita pale ukielekea Kabalagala utaziona baadhi yake. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, likawa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Mtu aliyeajiriwa Nsambya aliweza kuhamishiwa Nakuru au Tororo kwa barua moja tu. Mwajiri hakuona mpaka wowote.

Lugha iliyounganisha watu hao ilikuwa Kiswahili. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu sisi tunaosoma Kiswahili Kampala tumechoka kuambiwa kwamba tunasoma lugha ya wanajeshi na majambazi. Sikatai kwamba wanajeshi waliisema. Lakini kabla watu hawajaiogopa kwenye vizuizi vya barabarani, Waganda wa kizazi cha Jaja waliisikia kwenye karakana na kwenye foleni ya mshahara. Neno kibarua lenyewe linatokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa pwani ili kazi yake ihesabiwe. Lilisafiri na reli mpaka huku, nalo neno mgomo likafuata nyuma yake.

Wazo la chama kimoja cha wafanyakazi kwa nchi zote hizi lilikuwepo mapema kuliko wengi wetu tunavyofundishwa. Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab na kufika Nairobi akiwa kijana mwaka 1927, alijiunga na uongozi wa chama cha wafanyakazi cha Kenya katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1937 chama hicho kikabadilishwa jina kuwa Labour Trade Union of East Africa. Kilikuwa wazi kwa watu wa rangi zote, na jina lake lilivuka mipaka hata kabla ya wanachama wake kuwa wengi. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha East African Trades Union Congress. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi, Makhan Singh alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei akakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Alizuiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja. Nimekuwa nikijiuliza ni kosa lipi lililowaudhi zaidi wakoloni: kudai uhuru, au kudai uhuru huo kwa wingi, wa nchi zote kwa pamoja.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na njia rahisi ya kulizima wazo hilo, nayo ni usajili. Kila nchi ilikuwa na sheria yake ya vyama na msajili wake, na msajili wa Entebbe hakuwa na kazi na mtu wa Nairobi. Hivyo shirika moja la reli likawa na vyama vitatu vya wafanyakazi Waafrika: kimoja cha Kenya, kimoja cha Uganda na kimoja cha Tanganyika. Mwajiri alikaa upande mmoja wa meza na mfuko mmoja wa fedha. Wafanyakazi walikuja kwa makundi matatu, kila kundi na katibu wake, na kila katibu na serikali yake ya kumwogopa.

Hapa Uganda wenyewe tulikuwa na historia yetu. Chama cha kwanza kusajiliwa kilikuwa cha madereva, mwaka 1939, na kiongozi wake aliyejulikana sana alikuwa James Kivu. Januari 1945 mgomo ulienea kutoka mji mmoja hadi mwingine, watu wakaandamana kudai mshahara uliolingana na bei za wakati wa vita, na baadhi yao wakauawa. Serikali iliongeza mishahara, kisha ikawapeleka Kivu na Ignatius Musazi uhamishoni. Katika masomo yetu Musazi anatajwa zaidi kama mwanzilishi wa Uganda National Congress mwaka 1952, chama cha siasa. Kwamba alipita kwanza katika njia ya madereva na wakulima huwa ni sentensi moja, kisha tunaendelea. Mwaka huohuo wa 1952 sheria mpya ilibana vyama: kila chama kilipaswa kubaki ndani ya aina yake ya kazi. Sasa mfanyakazi alikuwa amezungushiwa ua mara mbili, wa nchi na wa kazi.

Hata hivyo watu waliruka ua. Mwishoni mwa 1959 wafanyakazi wa reli waligoma Kenya na Uganda, na mapema mwaka 1960 wale wa Tanganyika, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, nao wakagoma kwa muda mrefu. Malalamiko yalikuwa yaleyale kila mahali. Hadi miaka ya 1950 ngazi za mishahara katika reli zilifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Ngazi hizo zilipofutwa kwenye karatasi, watu waliendelea kukaa palepale walipokuwa. Fundi Mwafrika aliyemfundisha kazi kijana kutoka Uingereza alimwona kijana huyo akipanda cheo na kumwacha. Kitu kinachonivutia katika migomo hii ni kwamba vyama vitatu tofauti vilikuja na madai yanayofanana, kwa sababu mwajiri aliyewaumiza alikuwa mmoja.

Kiongozi wa wafanyakazi wa reli hapa Uganda alikuwa Humphrey Luande, ambaye pia aliongoza shirikisho la Uganda Trades Union Congress, lililoanzishwa 1955. Uhuru ulipofika alikuwa mbunge wa Kampala Mashariki. Nchi jirani zilikuwa na watu wa aina yake. Mboya alitoka Kenya Federation of Labour akaingia serikalini. Tumbo alitumwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaingia upinzani, na mwaka 1964 akawekwa kizuizini. Ukiwaangalia hawa watatu unaona njia mbili zilizokuwa wazi kwa kiongozi wa wafanyakazi baada ya uhuru: kiti au kizuizi.

Sasa nifike kwenye chuo nilichokitaja, kwa sababu wenzangu wengi darasani hawakuwa wamekisikia. Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi, ICFTU, lilifungua hapa Kampala chuo cha viongozi wa wafanyakazi wa Afrika. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mswidi, Sven Fockstedt. Miongoni mwa walimu alikuwa George McCray, Mmarekani mweusi kutoka Chicago, aliyeamini kwa moyo wote umoja wa Afrika. Wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingi za Afrika zilizotumia Kiingereza kujifunza namna ya kuendesha mkutano, kutunza hesabu, kujadiliana na mwajiri na kusoma sheria za kazi. Wazia Kampala ya wakati huo: Mzambia, Mghana, Mkenya na Mganda katika chumba kimoja, wakibishana juu ya mshahara wa chini!

Lakini chuo hicho kilizaliwa ndani ya ugomvi usiokuwa wetu. ICFTU yenyewe ilitokana na mgawanyiko. Mwaka 1949, vita baridi vilipopamba moto, vyama vya nchi za Magharibi vilijitenga na shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1945 na kuunda lao. Wamarekani walitoa fedha kwa wale waliowaona marafiki. Mboya alipata dola 35,000 kutoka kwa shirikisho la AFL-CIO kwa ajili ya kujenga nyumba ya wafanyakazi Nairobi, na jengo hilo la Solidarity bado lipo. Upande wa pili Kwame Nkrumah na wenzake walitaka vyama vya Afrika visifungamane na mtu wa nje, na Mei 1961 huko Casablanca wakaanzisha shirikisho lao. Januari 1962 waliobaki na ICFTU wakajibu kwa kuunda lingine huko Dakar. Hapa Uganda nako vyama viligawanyika kwa mistari hiyohiyo, na viongozi wakatumia muda mwingi kuitana vibaraka. Siwezi kusema fedha hizo hazikuwa na faida. Nyumba ilijengwa, watu walisoma. Ila kiongozi anayepata karo, tiketi ya ndege na gari kutoka ng’ambo hana haja kubwa na mchango wa mbeba mizigo wa Kisugu, na asiyehitaji mchango wako hakumbuki jina lako. Chuo kilifungwa mwaka 1968, baada ya miaka kumi.

Kufikia wakati huo kila serikali ilikuwa imewatia wafanyakazi wake mfukoni. Tanganyika, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, ilivunja shirikisho la zamani na kuunda NUTA chini ya uangalizi wa chama tawala. Kenya ikapata COTU mwaka 1965. Uganda ilienda polepole zaidi, kwa ugomvi mwingi, hadi NOTU ikaundwa mwaka 1973 wakati wa Idi Amin. Watetezi wa hatua hizi walisema nchi changa haiwezi kuvumilia migomo kila wiki, na kwamba mfanyakazi wa mjini ana nafuu kuliko mkulima. Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu wetu mmoja huitetea vizuri kuliko ninavyoweza kuijibu. Lakini inasahau swali la mtu ambaye nchi anayofanyia kazi si ile inayomhesabu kuwa wake.

Mtu huyo alikuwa amejaa Kampala. David Parkin, mtafiti aliyekaa katika mitaa ya Nakawa na Naguru kati ya 1962 na 1964, alikiita kitabu chake kwa maneno mawili ambayo nayatafsiri kuwa majirani na raia. Aliona mabadiliko yakitokea mbele ya macho yake. Kabla ya Oktoba 1962 Mluo wa Naguru alikuwa jirani, mara nyingi ndiye kiongozi wa chama kazini au wa wapangaji mtaani. Bendera ilipopandishwa, akawa mgeni. Hakuhama hata chumba. Ralph Grillo, aliyewachunguza wafanyakazi wa reli wa Nsambya mwaka 1964 na 1965, aliwakuta watu wenye mguu mmoja mjini na mwingine kijijini, wakijali sana ngazi zao kazini na wakijali vilevile mambo ya kwao. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyewaona wa ajabu.

Tarehe 6 Juni 1967, hapa Kampala, marais watatu walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba huo ulishughulikia bidhaa, ushuru na mashirika ya pamoja kama reli, bandari, posta na ndege. Haukuwapa wafanyakazi uhuru wa kwenda kufanya kazi katika nchi jirani. Gunia la kahawa lilikuwa na hadhi zaidi mpakani kuliko aliyelibeba.

Kisha ukaja mwaka 1970. Tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, Rais Milton Obote alihutubia katika uwanja wa Nakivubo. Alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni zaidi ya 80. Hiyo ilikuwa sehemu ya mwelekeo wa kushoto, uliokuwa umetangazwa mwaka uliotangulia katika Hati ya Mwananchi wa Kawaida. Jirani wa Jaja alikuwepo uwanjani. Jaja anakumbuka kwamba alirudi jioni amepaza sauti, akisema sasa kiwanda ni chetu, na kwamba watoto wa mtaani walimfuata wakiimba.

Oktoba mwaka huohuo serikali hiyohiyo iliwaamuru wafanyakazi Wakenya wasio na ujuzi waondoke. Idadi inayotajwa ni takribani 30,000. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ukosefu wa ajira kwa Waganda, na ni kweli vijana wengi walikuwa wakitafuta kazi. Kwa hiyo kati ya Mei na Oktoba yule mwananchi wa kawaida aligundulika kuwa hana uraia unaotakiwa. Historia ya Uganda inaukumbuka sana mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90, na ni haki tuukumbuke. Lakini kabla ya wenye maduka waliondoka wabeba mizigo, na waliondoka kwa mabasi, bila wapiga picha wengi.

Nilimwuliza Jaja kama kuna mtu wa chama aliyefika Kisugu siku zile. Hakuelewa swali. Nilimweleza: yule aliyekuwa akipokea michango, au katibu, au mtu yeyote. Akacheka kidogo, akasema aliyekuwa akipokea michango alikuwa Mkenya pia, naye alikuwa akifunga mizigo.

Jibu lake limenisaidia kuliko vitabu. Tawi la kiwandani lilikuwa limejengwa na wahamiaji wenyewe, kwa hiyo lilipoondolewa halikuacha mtu. Viongozi wa juu walikuwa raia wenye vyama vilivyosajiliwa kwa sheria ya Uganda, na sheria hiyo haikuwadai chochote kwa ajili ya asiye raia. Ng’ambo ya mpaka palikuwa na COTU, yenye wanachama wa Kenya, na mtu huyu hakuwahi kuwa mwanachama wa Kenya. Chama kilichoweza kumtetea pande zote mbili kilikuwa cha aina aliyoiwaza Makhan Singh mwaka 1937. Makhan Singh mwenyewe alikuwa bado hai Nairobi mwaka huo wa 1970, na waliotawala nchi aliyofungwa kwa ajili yake hawakuwa wakimtafuta.

Leo mambo yameandikwa upya. Tangu 1988 lipo shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki lenye makao Arusha, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataja wazi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mpaka. Mwenye shahada hufaidika nayo kwanza, maana ratiba za itifaki zinataja kazi kwa ngazi, na ngazi ya mbeba mizigo haipatikani upesi. Ukishuka Namuwongo asubuhi, karibu kabisa na njia ya reli, utawakuta Wakongo, Wasudan Kusini na Wakenya wakisubiri kazi ya kutwa pamoja na Waganda, na lugha wanayopatania bei ni Kiswahili. Niliwauliza vijana wanne kama wako katika chama chochote. Mmoja alidhani namwuliza kuhusu siasa, akaniambia nisimletee matatizo.

Mwenzangu mmoja darasani ni wa Kisumu. Aliposikia habari za mkebe alijitolea kuzibeba stakabadhi wakati wa likizo na kuulizia ukoo huo. Jina lipo, na watu wa kule wanajuana. Nilifurahi, nikampelekea Jaja habari. Alizichukua stakabadhi mikononi mwangu, akazifunga tena kwa uzi, akazirudisha mkebeni.

“Yule aliniambia nimwekee,” akasema. “Akirudi nimwambie nini, kwamba nilizigawa?”

Nilimkumbusha kwamba sasa atakuwa na zaidi ya miaka themanini.

“Na mimi je?” akasema Jaja, akaupandisha mkebe juu ya kabati.